Simu imegoma baada ya kuifungua mwenyewe? Anza pale ulipopitisha mkono



Wengi wenu mnazijua makala zangu lakini hamjui kwamba naziandikia huku bara, Kitale, ambako kazi ilinileta na ambako mtu wa Mombasa huvaa koti jioni watu wakamcheka. Wiki hii nawaandikia jambo lililoniuma mwenyewe: simu iliyonizimikia mikononi baada ya kuifungua ili niitengeneze.

Simu ilinianguka nikishuka matatu, kioo kikapasuka. Fundi alitaja bei, nikaiona kubwa. Nikanunua kioo chenyewe, bisibisi ndogo na gundi, nikajiambia: mimi nina diploma ya umeme, kioo kitanishindaje? Usiku ule, watoto wamelala, nikaifungua mezani. Nilipoiwasha ilitetema kidogo kama kawaida yake, lakini kioo kilibaki cheusi. Nikachomoa fleksi ya kioo, nikaichomeka tena. Nikafanya hivyo mara tatu. Kiza kitupu.

Simu ni chuma na plastiki, hununuliwa nyingine. Lakini ndani ya ile mlikuwa na sauti za marehemu mamangu. Mama hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa akibonyeza kile kipaza sauti cha WhatsApp na kunitumia salamu, dua, na mara nyingine mapishi: tui jepesi kwanza, tui zito mwisho, na usiliache likachemka likakatika. Ni sauti za miaka, na sikuwa nimezinakili popote.

Niliyojifunza tangu usiku ule nayapanga hapa ili mwenzangu yakimfika ajue pa kuanzia. Msingi wake ni mmoja: ikiwa kabla hujaifungua simu ilikuwa ikiwaka, na baada ya kuifunga imegoma, basi mara nyingi kasoro iko pale mkono wako ulipopita. Usianze kushuku mtandao, programu wala jicho la mtu. Rudi ulikopita, hatua kwa hatua, na ujue pia mahali pa kusimama.

1. Kabla ya yote, itazame betri

Usikimbilie kuichomeka kwenye chaji. Kwanza tazama kama betri imefura, imejikunja, imechubuka kwa bisibisi, ina joto bila sababu, au inatoa harufu kali yenye utamu kama ya rangi ya kucha. Ukiona hata moja kati ya hayo, usiichaji na usiibonyeze irudi mahali pake. Itoe nje ya nyumba, iweke juu ya saruji au mchanga mkavu, mbali na godoro, mapazia na watoto.

Hili si la kutishana. Mwaka 2016 Samsung yenyewe, pamoja na wahandisi wake wote, ililazimika kuziondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto. Betri ya lithiamu iliyotobolewa na bisibisi yaweza kuwaka papo hapo, na yaweza pia kungoja mpaka usiku, simu ikiwa kwenye chaji kando ya mto wa kulalia.

2. Toa laini, na usifute kitu

Pesa zako za M-Pesa hazimo ndani ya simu. Akaunti imefungwa na laini yako. Toa laini, itie kwenye simu nyingine yoyote, hata ile ndogo ya vitufe, piga *334#, na biashara itaendelea. Wenye duka wanaotegemea simu moja kupokea malipo wafanye hili mapema, wasiache wateja wakirudi mikono mitupu.

WhatsApp ni tofauti. Ukijisajili upya kwenye simu nyingine, ile ya zamani itatolewa, na mazungumzo ambayo hayakuwa na nakala hayatahamia. Ikiwa kuna kitu cha thamani humo, subiri kwanza mpaka ujue hali ya simu ya zamani.

La muhimu kuliko yote: mtu akikwambia dawa ni kuiflashi au kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, mkatalie mpaka vitu vyako viwe vimetoka. Kufanya hivyo kunafuta kila kitu, na hakuunganishi fleksi iliyochomoka.

3. Imekufa au imepofuka?

Watu wengi husema simu imekufa kumbe kioo tu ndicho hakioneshi. Fanya majaribio haya manne:

Piga namba yako kwa simu nyingine, laini ikiwa ndani. Ikiita au kutetema, bodi iko hai.

Washa upya kwa lazima. Kwa Android nyingi, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 20. Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na uachie cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha ubavuni mpaka alama ya tufaha itokee.

Ikiwa betri ni salama, ichaji kwa nusu saa ukiwa umekaa nayo, maana betri iliyokaa nje ya simu yaweza kuwa imeishiwa kabisa. Mwenye mita na aipime: betri iliyojaa husoma volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya volti 3, simu haitawaka.

La nne ndilo ambalo sikulijua. Ingia mahali penye kiza, washa simu, kisha mulika kioo kwa tochi kali kwa pembeni, karibu kabisa. Ukiona picha hafifu kama kivuli, basi kioo kinafanya kazi ila taa ya nyuma yake ndiyo haiwaki. Jaribio hili ni la vioo vya LCD, ambavyo ndivyo vilivyo kwenye simu nyingi za bei nafuu. Vioo vya OLED havina taa ya nyuma, kwa hivyo usitarajie kuona kitu.

4. Fungua tena, safari hii kwa utaratibu

Tandika kitambaa cheupe mezani. Chora umbo la simu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ibandike kwa selotepu pale pale ilipotoka. Zima simu. Huku Kitale baridi huifanya gundi kuwa ngumu, kwa hivyo ipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Usilazimishe kwa chuma. Tumia kadi ya plastiki.

Ukishafungua, kitu cha kwanza kuchomoa ni betri, na cha mwisho kuchomeka ni betri. Sheria hii ikikupita, yote mengine hayatakusaidia. Ukichomeka kioo huku betri inatoa umeme, vijino vya fleksi vinaweza kugusana vibaya kwa nukta moja tu, na kitu kidogo juu ya bodi kikaungua. Ndilo kosa nililofanya mara tatu usiku mmoja.

Betri ikiwa imetoka, kagua haya:

Vichwa vya fleksi. Kila kimoja kikae sawa kwenye kiti chake na kitoe mlio mdogo kikishika. Kikiwa kimekaa upande, kitoe ukirudishe kwa kidole bila nguvu. Tazama vijino kwa kioo cha kukuzia. Vikiwa vimelala, usivichokoe kwa sindano, mwachie fundi.

Uchafu. Kwetu pwani unyevu na chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye miguu ya fleksi. Huku bara ni vumbi la mahindi na udongo mwekundu. Safisha kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha uache ikauke kabisa. Usitumie marashi, maji wala mafuta ya taa. Thina nayo huyeyusha plastiki. Na mchele tuuache kwa pilau, haunyonyi unyevu ulioingia chini ya bodi.

Skrubu. Hazilingani urefu, na tofauti yaweza kuwa chini ya milimita 1. Skrubu ndefu ikitiwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi na kukata njia za umeme zilizo ndani yake. Ukikumbuka kwamba moja ilikuwa ngumu kuingia nawe ukaikaza kwa nguvu, mwambie fundi ni ipi.

Vilivyosahaulika. Angalia vipande vya gundi, vumbi la kioo, utepe mweusi uliokuwa umefunika kitu, au skrubu iliyobaki mezani.

Kisha jaribu kabla ya kugundisha. Chomeka kioo, chomeka betri mwisho, washa simu ikiwa bado wazi, bila kuacha chuma kiguse bodi. Ikiwa kioo cha zamani ungali nacho, hata kama kimepasuka, kijaribu hicho. Kikiwaka, basi kioo kipya ndicho kibovu, rudi nacho dukani. Jaribio hili humaliza ubishi mwingi, na ndiyo sababu nasema usitupe kioo cha zamani mpaka kazi iishe.

5. Dalili na maana yake

*Haiwaki, haitetemi, haiiti.* Anza na kichwa cha betri, kisha fleksi ya kitufe cha kuwashia, kisha betri yenyewe.

*Yaita lakini kioo ni cheusi.* Fleksi ya kioo haijakaa, kioo kipya ni kibovu, au taa ya nyuma imeungua. Fanya jaribio la tochi.

*Kioo chawaka lakini hakisikii kidole, au chajibonyeza chenyewe.* Fleksi, kioo cha ubora duni, fremu iliyopinda, au betri iliyofura inayokisukuma kwa chini.

*Yawaka ikifika kwenye alama ya kampuni yajizima, tena na tena.* Kitufe cha kuwashia huenda kimebanwa na kava. Baadhi ya iPhone pia hujizima kila baada ya dakika 3 hivi ikiwa fleksi ya chaji ina kasoro au haikuunganishwa.

*Haichaji.* Kibodi kidogo cha chini chenye tundu la chaji, au fleksi inayokiunganisha na bodi kubwa.

*Mtandao ni hafifu kuliko zamani.* Tafuta waya mwembamba wa antena unaotoka juu hadi chini. Mara nyingi umeachwa umechomoka.

*Wewe wasikia, wao hawakusikii.* Kipaza sauti kiko chini, karibu na tundu la chaji. Tazama kama tundu lake limezibwa na gundi.

*Ukipiga simu kioo chazima na hakirudi.* Kile kidude cha juu kinachohisi kwamba uso umekaribia kimefunikwa na gundi au na stika ya kioo kipya.

*Alama ya kidole haisomi.* Kwenye simu kadhaa kidude cha alama ya kidole kimeoanishwa na bodi yake kiwandani, na ukikibadilisha hakitambuliwi. Watu wa nje wameyaona haya pia. Mwaka 2016 simu za iPhone zilizobadilishwa kitufe hicho na mafundi wa mitaani zilizimika zilipopata toleo jipya la programu, zikionesha kosa namba 53. Apple ilitoa marekebisho mwezi wa Februari mwaka huo huo, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza dola milioni 9 za nchi hiyo kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kutengenezewa kwa kuwa wamepitia kwa fundi mwingine. Kwa hivyo tunza kidude chako cha asili, kihamishie kwenye kioo kipya.

*Sehemu moja ya bodi yapata moto bila kuchajiwa.* Kuna umeme unaokatiza njia. Chomoa betri mara moja. Kazi yako imeishia hapo.

6. Mahali pa kusimama

Simama ukiona bodi inapata moto, betri imeharibika, vijino vimelala, maji yameingia, au umeshajaribu mara mbili kwa utaratibu bila mabadiliko. Kila unapoifungua tena bila kujua unatafuta nini, unaongeza jeraha. Na simama mapema zaidi ikiwa ndani muna kitu kisichopatikana tena. Mimi nilisimama nimechelewa, lakini nilisimama.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hapa mjini aliitazama kwa dakika moja, akasema bodi imekufa, ninunue nyingine. Sikumlaumu, nilikuwa nimemficha nusu ya habari. Baada ya Ijumaa moja rafiki akaniambia yuko kijana Bungoma anayetengeneza bodi kwa hadubini, si kubadilisha vioo tu. Jumamosi nikapanda matatu, tukapita Kiminini na Kamukuywa, mahindi yakatuachia miwa, simu nimeishika mapajani kama yai.

Kijana hakugusa bisibisi. Aliuliza kwanza.

“Mzee, ilizima yenyewe ama uliifungua?”

“Niliifungua.”

“Betri ulichomoa kwanza?”

Nikanyamaza. Akatabasamu. “Sema tu, mzee. Ukinificha, mimi naanza kutafuta mahali hakuna kitu.”

Nikamweleza yote, hata zile mara tatu. Akaiwasha, akavuta pazia la kibanda, akamulika kioo kwa tochi. Nikaona picha ya wanangu, hafifu kama iko chini ya maji. Akasema, “Iko hai. Ni taa tu.”

Nilitaka aanze hapo hapo. Akakataa. “Kabla nishike moto, toa vitu vyako. Nikipuliza hii bodi inaweza kupona, na inaweza kulala kabisa.” Basi kwa mwanga wa tochi niliingiza namba yangu ya siri mwenyewe, nikachagua kuhamisha faili, tukaunganisha na kompyuta yake, nikanakili folda nzima ya WhatsApp, pamoja na ile ya Voice Notes, kwenye flashi yangu. Nikaifungua moja kuhakikisha. Mama akatoa salamu ndani ya kibanda kile, kijana akazima redio yake bila kuambiwa.

Kisha akaweka bodi chini ya hadubini. Kifyuzi cha taa ya kioo, kidogo kuliko chembe ya mchele iliyovunjika, kilikuwa kimeungua. Akakitoa, akatia kingine kutoka bodi chakavu. Kioo kikawaka. Malipo yake yalikuwa chini ya bei niliyonunulia kioo.

7. Ukienda kwa fundi

Mwambie ukweli wote, hata wa aibu: ulichofungua, ulichovuta, skrubu iliyokaza, mara ngapi ulijaribu. Unamwokolea saa nzima, na unajiokolea pesa.

Kubalianeni bei kabla hajaanza, na uulize kama atatoza hata akishindwa. Omba urudishiwe kila kitu alichokibadilisha.

Jua namba ya IMEI ya simu yako. Huandikwa kwenye boksi, na ukipiga *#06# huonekana kwenye kioo. Ukirudishiwa simu, hakikisha ni ile ile.

Usiache namba yako ya siri imeandikwa kwenye karatasi kaunta. Ikiwezekana kaa hapo, uingize mwenyewe inapohitajika. Picha za mkeo na pesa za kikundi haziwi salama kwa sababu tu fundi ni mtu mzuri, maana pia ana wasaidizi na majirani.

Betri mbovu usiitupe jaani inakochomwa taka, wala baharini. Wapo mafundi wanaozikusanya pamoja na bodi chakavu, mwachie huyo.

8. Kabla hujafungua mara nyingine

Sisemi tusiguse simu zetu. Kubadilisha kava, kusafisha tundu la chaji, hata kioo, ni kazi inayofundishika, na vijana wengi wamepata riziki kwa kuanzia simu zao wenyewe. Ninalosema ni mpangilio: nakili vitu kwanza, kisha chomoa betri, kisha ndio ushike fleksi. Mimi nilianza na fleksi.

Nilipofika Kitale usiku ule nilimtumia dada yangu, aliye Mombasa, zile sauti zote, na nyingine nikazitia kwenye kompyuta ya nyumbani. Sasa ziko mahali patatu. Dada alipiga simu asubuhi yake, akaniambia kuna moja hakuwahi kuisikia, ile ya tui. Tukaisikiliza pamoja, yeye kule, mimi huku.

Nawe msomaji, ikiwa simu yako ni nzima na sauti za wazee wako zimo humo, zinakili leo kabla ya kulala.

Wabillahi tawfiq.